Pua za Ukuta

Mimi ni fundi wa kuta za mlimani,
zile za moelo, zinazozuia nyumba ya juu
isishuke usiku kulala ndani ya nyumba ya chini.
Bukavu haiishiwi na kazi hiyo.

Mgongo ulianza kuuma mwaka wa mvua ndefu.
Kijana wa kibanda, tunayemwita Dokta,
akaniuzia kidonge kimoja kwa franka mia mbili.
Kikabeba mawe pamoja nami.
Cha pili kikayabeba peke yake.
Kufikia Noeli vilikuwa kumi na viwili kwa siku,
mawe yalikuwa yamerudi, mazito kuliko kwanza,
na Nsimire alikuwa ameuza sahani za harusi.
Hapana. Mimi ndiye niliyeziuza.
Madamu Nabintu anataka niandike vizuri.

Saa moja asubuhi, kituoni Kadutu,
muuguzi Byamungu hunipa methadoni
ndani ya kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa.
Chungu kama mubirizi.
"Meza. Fungua mdomo. Sema jina lako."
Nasema: Murhula, mwana wa Cirhuza.
Ni ya kuhakikisha sikuficha dawa chini ya ulimi, basi.
Lakini kuna asubuhi moja niliisema
nikasikia mtu ameitika ndani.

Nikadhani nimepona. Mwezi mzima nilidhani.
Jasho la usiku limekauka,
mkono unashika timazi bila kutetemeka:
nikaruka kiti cha Madamu Nabintu Jumanne,
nikakiruka na Ijumaa.
Maongezi ni ya wenye muda, nilimwambia Byamungu,
mimi nina mawe.

Kisha siku ya mshahara, mwezi wa nne,
miguu ikashika njia yake ya zamani:
ngazi za udongo, nyuma ya mashine ya kusaga mihogo,
harufu ya unga, redio ya Dokta,
na mkono ukawa umeshatoa pesa
kabla mimi sijafika.

Madamu Nabintu hakupiga kelele. Aliuliza:
"Ulipita wapi?"
"Kwenye ngazi."
"Ngazi ya ngapi ndipo moyo ulianza kukimbia?"
Nani humuuliza mtu swali kama hilo?
Nilirudi kuzihesabu.
Ya thelathini na moja. Pale harufu ya unga inapokata kona.

Sasa nina kaye yenye jalada la kijani.
Naandika kwa penseli ya fundi:
saa, mahali, nani, mwili ulisema nini.
*Ijumaa. Saa kumi. Nina pesa, nina hasira, bosi kanikata siku moja.
Nilimpa Nsimire mshahara palepale kwenye tope, mbele ya watu.
Nilizunguka kwa kanisa. Dakika kumi na nane zaidi.*
*Jumapili. Nilipita ngazini. Sikununua. Sijui kwa nini.*
Hapo Madamu aliweka alama.
"Tuanzie hapa," akasema, "hapa usipojua."

Juzi mwenye nyumba alikuja kukagua ukuta.
Akanyoosha kidole: "Na haya matundu?
Ziba. Nimelipia ukuta mzima."
Nikamwambia ni pua.
Nyuma ya mawe haya mlima unakunywa mvua.
Ukuta ni mgumu, ndiyo, unashika,
lakini maji yakikosa pa kutokea
yatausukuma taratibu, miezi, kimyakimya,
na siku utakapolala huo ukuta, utalala na watu.
Akasema: ziba.

Sikuziba.
Usiku mvua ikanyesha kama imetumwa.
Alfajiri, kabla ya kikombe, nilipita kule.
Matundu matano yalikuwa yanatapika tope,
jekundu, zito, lisilopendeza,
likichafua mawe yangu mapya.
Mwenye nyumba alisimama chini ya mwavuli, amekunja uso,
hakuniambia kitu.
La sita lilikuwa limezibwa na jani.
Nikaingiza kidole nikalitoa.
Nikatazama saa. Saa moja kasorobo, na ni Jumanne.
Nikapanda, kwa njia ya kanisa.